Uzi Mnene

Jumamosi, saa tisa, tunakutana kwa Fulgence Mwepu, Katuba,
nyuma ya kinu cha mahindi, unga haujatua bado.
Kila mmoja na gitaa lake la besi
limeviringishwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
Chansa ana mawili. Léocadie Numbi analo moja, ndilo lenyewe.
Mimi ninayo saba, na nyumbani wanajua matatu.

Hatuzungumzi kura wala bei ya mkaa.
Tunazungumza shingo:
shingo iliyokunywa mvua ya Desemba ikapinda,
shingo iliyonyooshwa kwa jeki ya gari,
nyuzi zilizochemshwa katika sufuria ya bukari
hadi jasho la miaka ishirini likaelea kama povu.
Na yule kijana wa mtaa wa Kenya aliyekosa uzi mnene
akafunga waya wa breki ya baiskeli.
Tulicheka. Halafu akaupiga.
Tukaacha kucheka.

Langu la nne halina jina.
Kichwani yamebaki matundu mawili ya skrubu na kivuli cha herufi.
Chansa anaapa ni la Japani.
Fulgence hulamba vanishi, hufumba macho, husema Italia.
Ninachojua: lilikuwa la orkesta ya kambi ya wachimbaji,
na mwaka ule mishahara ilipokatika
mwenyewe alilitoa kwa magunia mawili ya unga,
akalia,
akayapakia magunia.

Juu ya rangi tuligombana kweli.
Chansa alilipiga msasa lile jekundu, lililolingana umri na mama yake,
akalipaka bluu ya mlango wa duka.
Léocadie hakumsalimu wiki tatu.
"Pale palipochujuka palikuwa mkono wa mtu. Umemfuta mtu."
"Mtu huyo hapigi tena," Chansa akajibu. "Mimi napiga."
Nilitazama kucha zangu.
Wote walikuwa na haki, na mimi nilikuwa na njaa.

Koili ya lile la nne ilikuwa imekufa.
Tuliisuka upya kwa cherehani ya shemeji yake Fulgence,
waya mwembamba kuliko unywele,
mukuba tuliouchomoa katika mota iliyoungua.
Mukuba! Dirishani unaonekana mlima mweusi, mavi ya shaba yetu;
shaba yenyewe ilipanda treni kabla hatujazaliwa.
Iliyorudi inajaza kiganja kimoja,
imejiviringa, inangoja sumaku.
Mizunguko elfu nane, nikihesabu kwa sauti.
Kwenye elfu sita mia mbili kumi na nne jirani akaingia kuomba chumvi.
Tukaanza upya.
Chumvi alipewa.

Saa kumi na mbili Léocadie akachomeka.
Noti moja, ya chini kabisa.
Vikombe vikatembea mezani. Mbwa akainuka, akafikiri, akalala tena.
Kisha umeme ukakatika, kama desturi yake,
na gizani gitaa likawa ubao tu.

Fulgence hasikii vizuri;
miaka thelathini ya karakana ya reli ilimla masikio.
Alilivuta, akaiuma pembe ya juu kwa magego,
akautekenya uzi mnene kwa dole gumba.
Sisi hatukusikia kitu.
Yeye alitabasamu, meno yakiwa yamebana mbao.

Tukapokezana, leso moja ya kufutia mate.
Zamu yangu ilipofika, sauti haikupitia sikioni:
iliingia tayani, ikashuka shingoni, ikakaa kifuani
kama mgeni anayejua kiti chake.

Nilirudi usiku, taya bado linanguruma.
Mke wangu akainua taa, akaniona nimeshika shavu.
"Jino?" akauliza.
"Jino," nikasema.
Akaenda kunichemshia maji ya chumvi.
Sufuria ilinuka chuma.
Aliinusa, akanitazama, akawasha moto.