Futi Saba, Inchi Tano

Kontena haliingii Kiponda.
Limesimama Darajani tangu alfajiri, la buluu, limebanduka rangi,
mdomo wazi kama mtu kwa daktari wa meno,
na sisi twaliletea vyombo kimoja kimoja,
kwa mabega, kwa rikwama, kwa samahani,
watu wakijibana kutani kulipisha kabati.

Shaame Khatoro, mpakizi, alipima jana.
Mlango wa kontena: futi saba, inchi tano.
Kabati la mama: futi saba, inchi sita.
Alipima mara tatu, akaurudisha utepe mfukoni.
"Inchi moja, yakhe. Upana wa kidole gumba,
na kidole gumba ndicho kilichokataa."

Dada yangu Zamzam akapiga simu kutoka Kigoma:
"Liuzeni. Huku makabati yapo tele."
Mama akasema, "Hata kina mama huko wapo,
mbona wamtaka huyu?"

Basi tukaling'oa taji, lile la maua ya kuchonga,
parafujo nne za kutu, kila moja ikilia kivyake.
Kabati likabaki kichwa wazi mbele ya wageni
na mama akalitupia kanga. Sitanii. Kisutu,
akaifunga fundo kwa nyuma,
likapita vichochoro vyote limejistiri.

Samadari ilikuwa kesi nyingine.
Hiyo haikuingia kwa mlango. Iliundwa humo humo chumbani,
fundi Mbarouk akakaa siku tisa akila kwetu,
matendegu, mifumbati, vitakizo,
na kila kiungo akakitia alama ya kalamu ya risasi:
alifu kwa alifu, be kwa be.
Tuliifungua kwa kuisoma. Mimi natamka, Shaame anagonga.
Tulipofika jimu, tendegu likagoma
kama mtoto wa chuoni aliyeisahau sura
na hataki kusaidiwa.

Ndani ya kontena Shaame ni mtu mwingine.
Hasemi na watu, anasema na vitu.
"Wewe mzito, kaa chini. Wewe kioo, simama,
kioo hakilali safarini. Mto, njoo hapa,
uwatenge hawa wawili wasije wakajuana."
Magodoro ya sufi akayasukuma nyuma ya kabati,
majamvi, zulia, marobota ya nguo,
hata viatu vya marehemu baba, ambavyo sikujua bado tunavyo,
na kila palipobaki tundu akatafuta cha kulizibia.
"Pengo," aliniambia, jasho likimdondoka kidevuni,
"pengo likisafiri hugeuka nyundo.
Hapa linaondoka hewa tupu.
Ikifika Dodoma, linaanza kugonga."

Saa kumi milango ikafungwa, lakiri ikatiwa.
Taji halikupata nafasi.
Nitalipakata kwenye boti mpaka Dar
kama mtoto asiyekatiwa tiketi.

Usiku tukalala katika nyumba tupu.
Ukikohoa, kikohozi kinatembea vyumba vyote
ndipo kinarudi.
Sakafuni matendegu yameacha alama nne,
visahani vinne vya saruji isiyoona jua.
Mama akatandika mkeka katikati yake,
akajilaza upande wa ukutani, upande wake,
huu mwaka wa kumi na moja,
na upande wa pili akauacha kama ulivyo.

Utepe wa Shaame ulikuwa kwangu, kausahau.
Lakini utepe unapiga kelele ukirudi ndani.
Nikapima gizani kwa mkono, taratibu, nisimwamshe:
shibiri nne, na kidogo.

Asubuhi aliukunja mkeka mwenyewe,
akasimama mlangoni, ufunguo mkononi.
"Umetazama vizuri? Hatukuacha kitu?"
Nikasema hatukuacha.