Kadi ya Viti Viwili

Afande Gwandu, gonga tena kwa hiyo kalamu.
Sikia linavyoitika.
Ni bomba la chuma lisilo na mshono,
fundi Baldev alilikunja hapahapa Pasua
kwa mchanga mkavu, moto, na matusi ya Kipunjabi,
mwaka ambao mama yangu alikuwa bado anaikataa posa.

Umeandika: kizimba ndani ya gari, kiondolewe.
Kizimba ni cha kuku, afande.
Hizi ni mbavu.

Tazama hapa, juu ya mlango wa kushoto, pamebonyea
kama sufuria iliyodondoka na ugali wake.
Ni usiku wa masika, korongo la njia ya Makuyuni,
Datsun ikabingirika mara tatu;
baba akatokea dirishani na kiatu kimoja,
anauliza, "Tumepoteza dakika ngapi?"
Miezi kumi na moja baadaye nikazaliwa mimi.
Hesabu mwenyewe hilo bomba limeokoa wangapi.

Mengine nakubali.
Honi inakohoa. Taa ya breki inawaka ikipenda.
Kadi inasema nyeupe, gari ni samawati.
Kadi inasema watu watano,
na huko nyuma hakuna pa kukalisha hata kikapu cha ndizi.
Kadi inataja injini ambayo baba aliiuza
nikalipiwa ada ya kidato cha tatu.
Ni kama picha yangu ya kipaimara:
aliyemo ni mimi,
ila usinitafute kwa sura ile.

Afande hakujibu.
Alivua kofia, akaingiza kichwa akague usukani,
na wakati wa kutoka, *kwaa!*
Bomba likaitika.
"Umeona?" akasema, anasugua kipaji.
"Baba yako alivaa helmeti.
Wewe utakwenda nalo sokoni na kitambaa kichwani."

Nilikuja na majibu ya kila swali.
Hilo sikuwa nalo.

Basi ikawa sponji ya godoro kutoka Mbuyuni,
nene, ngumu, kila bomba lililo karibu na kichwa;
mama akashona foronya za kaki, cherehani usiku kucha.
Ikawa mikanda mipya, honi ya lori kuukuu,
foleni, fomu, nakala ya nakala,
na dada wa dirishani, miwani puani:
"Mmiliki wa kwanza yuko wapi?"
"Ametangulia," nikasema.
Ndiyo ilikuwa kazi yake siku zote.

Kadi mpya ilitoka Alhamisi.
Rangi: samawati. Viti: viwili.

Kiti cha pili akakalia mama,
ambaye miaka yote ile hakuwahi kulipanda.
Tukateremka kutoka Pasua kwa mwendo wa hamsini,
injini inatetemeka kama mbwa aliyeshikwa sikio,
tukasimama kwenye zebra, watoto wa shule wakavuka
wakihesabu mabomba kwa vidole.
Mama alikuwa amenyoosha mkono juu ya mlango wake,
anabonyeza sponji, anaibonyeza,
mpaka kidole kikapata kile kishimo.
Akakiacha humo.

"Indiketa," akasema, bila kunitazama. "Tunakata kulia."
Nikawasha.
Ikaanza kuhesabu, taratibu,
kitu ambacho gari hili halijawahi kuambiwa na mtu.