Kikohozi Kwenye Maiki Yako

Tungoje kwanza mashine ya kusaga inyamaze.
Hapa Unga Limited harekodi mtu mchana,
mahindi yanatushinda sauti.
Saa moja usiku Mama Lazaro akizima mota yake,
unga ukatua juu ya dirisha langu na juu ya kibodi,
ndipo ninapopuliza vitufe na kusema: haya.

*Teki ya kwanza. Juni.*
Baridi ya Meru imeshuka hadi magotini.
Naishiye na Ndewirwa, blanketi moja la Kilombero mabegani,
maiki mbili,
hedifoni moja nzima, nyingine ya sikio moja.
Nikahesabu: moja, mbili.
Ubeti wa pili Ndewirwa akakohoa.
Naishiye akacheka katikati ya neno.
Nikasema: tena.
Wakarudia. Haikuwa vile.
Wakarudia. Haikuwa.

*Teki ya tisa. Agosti.*
Amekuja peke yake, na koti nisilolijua.
"Zefa, mimi nitaimba Jumanne. Yeye mpe Alhamisi."
Sikuuliza.
Fundi haulizi, fundi anapunguza besi.

Jumanne anaiambia stuli tupu: *usiondoke*.
Alhamisi mwenzake anaijibu stuli ile ile: *nimeondoka lini?*
Mimi ndiye niliyesahau kuitoa,
kusahau kwa makusudi.

Katikati ipo Jumatano.
Jumatano ni yangu.
Namsogeza huyu nusu sekunde mbele,
yule namvuta nyuma kidogo, asimkanyage mwenzake,
nawapa wote mwangwi wa chumba kimoja,
chumba ambacho hukipati Sakina wala Kijenge Juu,
hakina mwenye nyumba, hakidai kodi ya miezi sita,
na humo ndani
wanapatana.
Anauliza, anajibiwa kabla hajafunga mdomo.
Mimi huku nakula makande ya jana, kijiko ndani ya sufuria,
kama shahidi wa harusi aliyefika bila shati la kubadilisha.

Umeme ukakatika.
Nilikaa gizani nikisikiliza mto Themi, au labda bomba la jirani.
Ulipowaka,
walikuwa bado wanapatana.

*Desemba.*
Naishiye mlangoni, flashi mkononi.
"Nipe sauti yangu tu. Yake itoe."

Nikatoa.
Mkondo wa tatu, futa.
Wa nne, futa.
Gitaa lake pia, lile la nyuzi tano (wa sita hakuwahi kuununua), futa.
Akabaki peke yake, mweupe kama ukuta uliong'olewa picha.
Ubeti wa kwanza ukapita.
Wa pili, ule nilioubakiza wa Juni,

hapo

kikohozi.

"Nimesema yake itoe."
Nimeitoa. Hiki kimo ndani ya chako.
Kiliingia kwenye maiki yako. Mlikuwa mmekaribiana.
"Kwani hakifutiki?"
Kinafutika. Ila nitaondoka na kilicho juu yake.
"Kuna nini juu yake?"

Nikarudisha nyuma. Akasikiliza.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Mara ya mwisho, Zefa."
Haikuwa ya mwisho.
Alikuwa amefumba macho, kidole kikigonga paja,
akitafuta pale ambapo kicheko chake kinaanza
na kifua cha mwenzake kinaishia.
Mimi mwenye mashine sijawahi kupaona.

Saa kumi na mbili alfajiri Mama Lazaro akawasha mota.
Chumba chote kikatetemeka, na trei za mayai ukutani.
Naishiye akachomoa flashi
bila kuniambia iwe hivyo au iwe vipi.
Akainama, akafunga kamba za viatu,
muda mrefu kuliko kamba zenyewe.

Nimebaki na faili.
Mwanzoni kabisa, kabla ya wimbo,
ukipandisha sauti hadi mwisho na mahindi yakiwa yamelala,
kuna mtu wa tatu anasema: *moja, mbili*.
Nayo ilivuja.
Hakuna aliyeomba itolewe.