Maganda

Alfajiri, kabla ya adhana kuisha,
soko la Mabibo limeshaoza robo yake.
Mkungu ulioshuka juzi kutoka Tukuyu, kijani kibichi,
leo unavuja maji meusi juu ya turubai.
Mimi ndiye wa kuuondoa.
Guta langu: magurudumu matatu, breki moja,
na jina Mwinshehe, rangi imebanduka
limebaki Mwinshe.

Miaka sita nililipwa elfu mbili kwa safari
nikamwage kule nyuma, ukingoni mwa mto,
giza likiwa bado zito.
Mto haukusema neno. Uliweka akiba.
Masika ilipofika ukanirudishia vyote mlangoni:
maganda, mifuko, nyanya zilizopasuka,
na kiatu cha mtoto
ambaye si wangu.

Ndipo Chausiku, alimaye mchicha bondeni
chini ya nyaya kubwa za umeme,
akashika usukani wa guta.
“Unapeleka wapi hivyo?”
Kutupa.
Akaguna. “Na mimi nakopa mbolea ya chumvichumvi
kila msimu, na kila msimu udongo
unazidi kukauka, kama mkono wa mdai.”

Tukachimba shimo.
Maganda, majani makavu, kinyesi cha kuku wa jirani,
jivu kidogo, maganda tena.
Wiki ya kwanza lilinuka hadi mjumbe akaja na leso puani.
Wiki ya tatu lilifuka mvuke asubuhi
kama sufuria iliyofunuliwa.
Mwezi wa tatu nilizamisha mkono hadi kwenye kiwiko
nikitafuta ndizi.
Hakukuwa na ndizi.
Kulikuwa na kitu cheusi, chepesi,
kinanukia mvua ya kwanza.

Sisemi tumeliponya jiji.
Maji ya mto bado hatuyagusi;
Chausiku ana kisima kifupi na ndoo mbili,
viwavi wamemaliza figili yote,
na yule bwana wa viatu vinavyong’aa
angali anapita kupima bonde kwa macho.

Lakini jana Mama Tupokigwe,
yule yule ambaye mkungu wake niliuzika,
alinunua mafungu mawili.
Akachuma jani moja, akalitafuna bichi,
akatafuna tena, taratibu.
“Mchicha huu umetoka wapi?”

Nikafuta mikono kwenye suruali.
“Kwako, mama.”