Chumvi ya Pili

Eulogia Colque amefika saa nane usiku
kwa pikapu ya kubebea magunia ya chumvi,
kope zimevimba, pete imezama kidoleni.
"Naona vimulimuli," anasema.
Hapa Uyuni, Agosti, kwa baridi hii,
kimulimuli atoke wapi?

Mia na themanini juu ya mia na kumi na tano.
Nampigia daktari. Daktari yuko Potosí.

Miaka tisa anafungasha chumvi Colchani,
anaziba mifuko kwa ulimi wa moto wa gesi;
chumvi imemchana viganja, imemla kucha.
Kliniki walimwambia: mama, punguza chumvi.
Alicheka hadi akashika ukuta.
Sasa namwambia nitamtia chumvi mshipani,
na hapa sitii chumvi.

Nyingine hii, Eulogia. Magnesiamu.
Gramu nne, polepole, dakika ishirini,
jicho langu kwenye saa ya ukutani
inayochelewa, na sote tunajua inachelewa.
Utasikia joto shingoni, kifuani, hadi huko chini,
kama umemeza jua. Usiogope.
"Joto," anasema,
kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kuanzia hapo kazi yangu ni goti.
Nyundo ya mpira ilipotea mwaka jana,
natumia ukingo wa kiganja.
Mguu ukiruka, dripu inaendelea.
Usiporuka, naifunga, nairukia ampuli ya kalsiamu
niliyoibandika kwa plasta kichwani pa kitanda,
maana chumvi inayozima kifafa cha mimba
ikizidi huzima na pumzi.
Nahesabu pumzi: kumi na nane.
Napima mkojo kama muuza mafuta ya taa.

Mama mkwe, doña Casimira, kajikunyata mlangoni.
Anauliza kwa Kikechua mbona nampiga mgonjwa.
Simpigi, nabisha hodi.
Mguu unaruka.
"Mwenyewe yupo," anasema, anakaa.

Mtoto kaja na mwanga wa kwanza, wa kike,
kilo mbili na kidogo, mlegevu,
chumvi ya mama imempitia naye.
Nimemsugua mgongo mpaka akanikaripia.
Hana hata saa moja duniani
na tayari kala chumvi.

Doña Casimira anakunja blanketi: tumemaliza?
Bado. Kifafa hurudi hata mtoto akishatoka.
Saa ishirini na nne, mama, tangu kitovu kikatwe.
Navuta kiti. Nakunja mkono wa sweta.

Hodi.