Bei ya Jua

Jua lilituaga mwanzoni mwa Desemba.
Lilichungulia juu ya misonobari kama mdeni,
likazama. Hapa kwetu Inari
halirudi mpaka mwaka mwingine.

Jioni ile Jalmari akatandaza karatasi mezani,
akasukuma kando sahani ya samaki:
Saimi, naunda kompyuta.
Sitaki ya dukani iliyokwisha kufungwa.
Naichagua mwenyewe, kiungo kwa kiungo.

Mume wangu huendesha lori la magogo.
Saa kumi alfajiri yuko barabarani,
theluji mbele, theluji nyuma, tani sitini mgongoni.
Na hiyo kompyuta ni ya nini?
Ya mchezo.
Mchezo gani?
Akakuna sikio. Wa kuendesha lori.

Nilicheka hadi paka akahama chumba.

Wiki nzima tukaipanga ile orodha,
mpwa wake Veikka akituelekeza kwa simu kutoka Oulu,
kijana asiyejua kuchemsha yai
lakini kila prosesa anaijua hadi ukoo wake.
Msibanie chanzo cha umeme, alionya,
kamba hukatikia pembamba.
Wati elfu moja, tukaandika.
Ubao mama. Kumbukumbu, gigabaiti sitini na nne,
na mimi nasahau miwani kichwani pangu.
Kisha kipozajoto cha maji, mabomba mawili, feni tatu.
Hapo nikaweka kalamu chini.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nawe unanunua baridi?
Fungua dirisha, Jalmari!
Veikka alicheka mpaka simu ikakwaruza.
Umande, Jalmari akasema polepole. Umande ungeiua.

Ikabaki kadi ya picha.
Bei yake nilidhani ni namba ya simu.
Gari letu la kwanza halikufika hapo,
na lile lilikuwa na viti.
Ina dhahabu ndani?
Akatafuta maneno. Watu wa magogo hawanayo mengi.
Inahesabu mwanga, akasema.
Kila mwale: unapotoka, unapogonga,
unavyodunda kwenye maji ya dimbwi,
unavyopenya jani
ukatokea upande wa pili umekuwa kijani.
Kadi ndogo hupaka jua rangi tu.
Hii hulifuata.

Nikatazama dirishani. Saa saba mchana:
buluu ya wino, na taa ya jirani.

Kupanga ni kuchagua. Tukaanza kukata.
Zikatoka feni zenye taa za rangi saba.
Likatoka kasha la kioo, likaingia la bati jeusi.
Kumbukumbu tukaikata nusu.
Kibodi ni ile ile, yenye herufi zilizofutika.
Bado zilipungua yuro mia tatu na arobaini.
Nikaliendea kopo la kahawa
nilimoweka akiba ya jiko jipya la sauna,
nikalimwaga lote juu ya karatasi.
Lile la zamani bado linashika moto, nikasema.
Uongo. Linatoa moshi tangu Pasaka.

Aliiunga usiku mmoja, mezani pa jikoni,
mikono iliyozoea minyororo
ikishika skrubu ndogo kama punje ya chumvi,
pumzi ameibana, ulimi pembeni mwa mdomo.
Moja ikaanguka. Tuliitafuta kwa magoti, na tochi;
paka alikuwa ameilalia.

Skrini ikawaka.
Mahali fulani kusini, barabara ya vumbi, mizeituni,
na jua la alasiri, lile la pembeni,
likapita kioo cha lori, likaangukia usukani,
likatoka, likavuka chumba,
likakaa magotini pangu, juu ya sufu.
Feni zikavuma. Jalmari akatia gia.

Usiende, nikamwambia. Egesha hapo.

Akaegesha. Nikaleta kahawa.
Vivuli vya mizeituni vikarefuka juu ya ukuta wetu.
Mzigo ukachelewa, mchezo ukatutoza faini.
Tukalipa.