Sababu ya Kujiunga

Miaka saba naleta ada bila fomu,
leo mmetaka sababu.
Mmenipa mistari miwili ya nukta nukta
na kalamu iliyofungwa uzi mezani kama mbuzi.
Mimi fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
nimezoea kupima kabla ya kukata:
kitambaa hiki hakitoshi.

Basi nitaandika hadi pembezoni.

Kaka yangu Semkiwa alikuwa na sauti.
Si ya kuimba. Ya kusoma.
Kila Jumamosi, kinyozini kwa Hoza,
aliwasomea gazeti wapagazi na wauza mkaa,
waliochoka macho na wasiojua herufi,
kuanzia bei ya mkonge hadi tanzia,
na ukurasa wa tatu hakuuruka.
Ndipo hapo. Hakuuruka.

Walimchukua povu la kunyolea likiwa bado shavuni.
Baiskeli yake ikabaki imeegemea ukuta,
na mtaa mzima ukajifunza kupita upande wa pili.

Mimi sikujua kuendesha.
Nilijifunza asubuhi ile, goti likachubuka,
chupa ya chai ikigonga usukani
mpaka kituoni.

Askari wa kaunta alilamba kidole,
akafunua kitabu, akashuka na majina taratibu,
kwa adabu kabisa, akanipa na kiti.
"Dada, huyo hayumo."
Nami nikasikia, nyuma ya ukuta,
kikohozi cha kaka yangu,
kile alichotoka nacho kiwanda cha mkonge,
viwili vifupi, kimoja kirefu,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.
"Hayumo," akarudia. Akafunga kitabu.
Chai nikarudi nayo.

Siku kumi na tisa.
Watu wema waliniambia subiri,
asiye na jambo hana la kuogopa.
Walisema hayo wamekaa, wamekunja miguu,
wao walioandikwa kila mahali wapendapo kuandikwa:
daftari la kura, la kikoba, la msikiti.

Kisha akaja wakili wenu, binti mdogo,
viatu vimejaa tope la Mabawa.
Hakupiga meza. Hakusema "mwachieni."
Alisema neno moja: "Mwandikeni."
Wino ulipogusa karatasi
mtu wangu akarudi kuwa mtu.
Mengine, dhamana, kesi kufutwa,
yalifuata nyuma kama mkia.

Mngependa niishie hapo. Siishii.

Mwaka juzi kijana mmoja, Chambo,
aliiba kichwa cha cherehani yangu, urithi wa mama.
Nilimwombea mabaya, moja moja, kwa jina.
Wakaja kunipongeza: "Amekiri."
Alikiri kwa mikono iliyovimba kama mihogo.
Na wakili wenu, yuleyule,
akaenda kusimama upande wake!
Wiki mbili sikumsalimu. Ada nikasusa.
Mpaka usiku mmoja, napiga pindo kwa mkono
maana mashine sina,
nikajisikia nauliza gizani, bila kutaka:
"Na yeye, ameandikwa?"

Sijamsamehe. Hilo nalo liandikwe.
Cherehani haikurudi.

Semkiwa yuko Pongwe sasa.
Gazeti halifungui tena mbele za watu,
husoma kimya, midomo ikicheza.
Nami kila mwisho wa mwezi naleta elfu tano,
bei ya zipu na vifungo vya gauni moja,
kwa baiskeli ileile, mnyororo unalia njia nzima.

Haya, mistari yenu miwili. Mtunza hazina, andika:

Nilikisikia kikohozi.
Kitabu kilisema hapana mtu.